Bukari Haipikwi kwa Mkutano

Mtu akikuuliza kati ya gesi na umeme kipi kinapika vizuri, usijibu. Muulize kwanza anapika nini, anapika amekaa au amesimama, na ni nani analala nyuma ya ukuta wa jiko. Akishakujibu yote matatu, bado usijibu, omba uonje. Mimi nilihitaji miaka ishirini na minane ya kazi ya waya ili niyafikie maswali hayo, na hata hivyo sikuyafikia kwa akili yangu. Nilisukumwa.

Nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi umeme hapa Lubumbashi, mnaopita mtaa wa Hewa Bora na koleo mfukoni na kipimo shingoni, mkitembea kama madaktari. Mimi nimeiacha kazi hiyo. Si uzee, ni macho. Siku ambayo fundi haoni tena tofauti kati ya waya wa kahawia na waya wa kijani, watu wa nyumbani kwake humwomba kwa upole akae chini aandike insha.

Kabla ya waya nilisoma falsafa chuo kikuu. Diploma yangu iko ukutani mpaka leo, na imenifaa mara moja tu: inafunika tundu nililotoboa mahali pasipotakiwa. Kazi ya falsafa haikupatikana, nikaenda kwa fundi mmoja tuliyemwita Vieux Mwansa, yaani Mzee Mwansa, nikamwambia niko tayari kujifunza kuanzia chini. Akanitazama viatu, akanipa jembe. Wiki tatu nilichimba mtaro wa kupitishia waya. Ndiyo chini yenyewe.

Vieux Mwansa hakuwa na diploma. Alikuwa na pua. Siku moja tuliitwa nyumba moja kwa ajili ya taa ya barazani, na nilipoingia sebuleni nikasikia harufu ya samaki. Tomsoni, nikajiambia, tena ya kukaangwa. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikakaa kwa adabu, nikafuta mikono, nikaanza kumsifu mama wa nyumba kwamba leo ametuwaza. Mama akashangaa, akasema kwake siku hiyo wanakula maharagwe. Nilipogeuka, Vieux Mwansa alikwisha simama, amesukuma kabati la vyombo, anachomoa plagi iliyokuwa inayeyuka polepole ukutani kama mshumaa wa misa.

Akaniambia bila kuniangalia: "Philo, harufu ya samaki mu nyumba ya maharagwe, njo moto inapiga hodi."

Philo ni mimi. Ni kifupi cha philosophe, mwanafalsafa, na katika mji huu jina la namna hiyo si sifa. Lakini kumbukeni: plagi inayoungua hunuka samaki. Ukiisikia harufu hiyo, usitafute sahani, tafuta ukuta. Maharagwe tulipewa baadaye, nikayala nimeinamisha kichwa.

Mengine alinifundisha kwa kunipiga kofi mkononi. Zima, pima, kisha ndipo uguse. Na ukigusa, gusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikishikwa na umeme kinafumba na hakikuachii. Usiamini neno la mwenye nyumba kwamba amezima. Mwenye nyumba huzima taa. Wakati wetu nyumba zilikuwa na fuse, na fuse ikiungua baba wa nyumba aliweka msumari. Siku hizi kuna disjoncteur, kile kiswichi kinachojikata chenyewe umeme ukizidi, na nimekuta watu wamekifunga kwa mpira wa baiskeli kisianguke. Vyombo vinabadilika, baba wa nyumba ni yule yule. Msicheke, maana sasa nafika kwangu mwenyewe.

Tunakaa familia tisa katika parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, nyumba ndefu yenye milango iliyopangana kama behewa, na nyuma kuna jiko moja la wote. Kwa miaka mingi jiko hilo lilikuwa na mbabula tisa, yale majiko madogo ya makala, yaani makaa, zilizopangwa chini kwa mstari. Mchana zikiwaka zote tisa, mtu aliyeingia kutafuta chumvi alitoka analia kama ametoka matangani.

Mwenye jiko, kwa maana ya mtu aliyelijua, ni Mama Odia. Aliletwa hapa kutoka Kasai angali mgongoni mwa mama yake, akaolewa na mlinzi wa parcelle yetu, na mlinzi alipofariki, yeye alibaki na ufunguo wa jiko. Ndiye anayelifungua asubuhi, anayepanga zamu, anayeamua sufuria ya nani itangulie pale watoto wa nani wanapowahi shule. Wasio na mtu wa kupika anawapikia. Kwa kazi hiyo hapewi kitu ila chumba kidogo kilichogandana na ukuta wa jiko: kitanda, mashine ya kushona, na picha ya binti yake siku ya komunyo ya kwanza. Hayumo katika orodha ya wapangaji. Hana kura. Ana chumba.

Basi siku moja mwishoni mwa kiangazi gérant akaleta karatasi. Gérant ndiye anayesimamia nyumba kwa niaba ya wenyewe, ambao wanakaa mbali na moshi wetu. Karatasi ilisema wenye nyumba wamechoka na dari nyeusi. Mvua zikiisha, makala yawe yameisha. Wataweka gesi au wataweka umeme, kimoja, si vyote viwili, na wapangaji wachague. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili midogo: ikichaguliwa gesi, mitungi itahifadhiwa katika chumba cha nyuma ya jiko.

Karatasi haikusema chumba cha Mama Odia. Karatasi haijui watu. Ilisema chumba cha nyuma ya jiko.

Siku hiyo hiyo nikawa mpigania umeme. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, umeme ulikuwa kazi yangu, na fundi umeme anayepikiwa kwa gesi nyumbani kwake ni kama padri anayesali kwa jirani. Ya pili, umeme ukishinda, Mama Odia anabaki chumbani mwake. Sababu ya pili niliitangaza kwa kila mtu. Nyuma yake nikaificha ya kwanza, na ilienea vizuri.

Upande wa gesi ulikuwa na Papa Banza. Huyu ni mjukuu wa mtu wa reli na mwana wa mtu wa reli, familia iliyoteremka kutoka kaskazini ya Katanga, na anaamini kitu kinachotembea kwenye chuma na unachokiona kwa macho. Mtungi unauona. Unaubeba. Ukiutikisa unajua kama umebaki nusu. Umeme hauuoni, na kwetu hauuoni mara nyingi zaidi kuliko kwingine.

Aliniambia mbele ya wote, umeme akiuita courant: "Courant iko mugeni, Philo. Mugeni banamupikiaka. Hapana yeye njo akupikie."

Nilipaswa kukubali hapo hapo. Badala yake niliomba neno, nikauliza moto ni nini kwa asili yake. Watu wawili waliondoka kwenda kuangalia maharagwe yao, na hawakurudi.

Ninyi ni watu wa hapa, hamhitaji kuambiwa kwamba tuliunda comité, kamati yetu. Watu wetu wawili wakikutana kwenye bomba la maji, mmoja ni président na mwingine katibu. Papa Banza akawa président kwa sababu ana miwani. Tulikaa mara nne. Mkutano wa kwanza ulichagua comité. Wa pili wote uliishia kwenye swali moja: je, mwenye mbabula mbili ana kura mbili? Wa tatu ulisoma taarifa ya wa pili na kuisahihisha. Katika wa nne ndipo tulipopiga kura: wanne gesi, wanne umeme. Wa tisa, mwalimu wa hisabati, alisema hana data za kutosha.

Mtaona kwamba katika mikutano yote minne walikaa wanaume, na mwanaume wa parcelle yetu akiwa na mwiko mkononi ni kwamba anaua mende. Mama Odia alikuwa anapita nyuma yetu na ndoo. Hatukumuuliza. Tulikuwa tunamtetea, hatukuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Gérant alipoona kura zimefungana akapendekeza jaribio. Jumamosi asubuhi, jiko moja la gesi, plaque moja ya umeme, yaani jiko la sahani ya chuma inayopata moto, kila mtu aone kwa macho yake. Comité ikafurahi sana, ikaanza kutayarisha. Tuliita mwashi, akatujengea meza ya matofali mpaka usawa wa kifua, kwa sababu katika kalenda iliyokuwa kwa président kulikuwa na picha ya jiko la kisasa, na mwanamke wa kwenye picha alikuwa amesimama, anatabasamu. Hakuna aliyejiuliza alikuwa anapika nini. Nadhani alikuwa anapika kalenda.

Ijumaa mchana, wakati wengine wako kazini, nikafanya jambo ambalo Vieux Mwansa angenichapa kwa kebo. Disjoncteur ya jikoni ilikuwa dhaifu. Nilijua plaque ile kubwa itaiangusha kabla maji hayajapata uvuguvugu. Fundi mwaminifu angesema hivyo: nyumba hii haina waya wa kubeba jambo hili. Mimi nikavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye kaunta, kile kipima umeme cha nyumba, nikaipita disjoncteur pembeni kama mtu anayempita mdai wake njiani. Sikuweka waya wa ardhini. Nilijiambia ni kwa asubuhi moja tu. Misumari yote niliyowahi kuing'oa katika fuse za watu iliwekwa kwa asubuhi moja tu.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Hilo peke yake liliwatia watu wa gesi wasiwasi. Tuliweka sufuria mbili za sawa, maji kipimo cha sawa, gérant akashika saa. Tuliziinamia sufuria kama tunasubiri habari kutoka hospitali. Maji yakachemka. Yote mawili, karibu pamoja. Papa Banza akasema ya gesi yametangulia, nikasema kutangulia ni pale maji yanapopinduka, si pale yanapoanza kutoa vipovu, na katibu akauliza neno kupinduka aliandike namna gani. Tuliendelea hivyo mpaka maji ya pande zote mbili yakabaki nusu.

Mama Odia alikuwa ameegemea mlango na mwiko wake mkononi. Akauliza polepole, kama anauliza habari za safari: "Ile mayi, nani ataikula?"

Gérant akaishusha saa. Hapa nataka msimame kidogo, vijana wangu. Watu tisa, baadhi yetu wenye diploma, tulikuwa tumekaa mikutano minne na kujenga meza ili tupime kitu ambacho hakuna mtu katika parcelle anayekula. Sisi tunakula bukari, ugali wetu. Tunaila mchana, tunaila jioni, na mgeni akija asipoikuta anadhani tumegombana. Na bukari si maji ya moto. Bukari ni kazi ya mabega.

Kwa wale ambao mama zao waliwafukuza jikoni, nieleze. Anayepika bukari ya watu wengi anakaa kwenye kiti kifupi. Mkono wa kushoto unashika sikio la sufuria kwa kitambaa kibichi, mguu unakanyaga mguu wa mbabula isikimbie, na mkono wa kulia unasonga unga kwa mwiko mpaka unga unakubali. Mpishi mzima anaingia ndani ya sufuria, kuanzia kiuno. Sasa mchukue mtu huyo, tena mfupi kama Mama Odia, umsimamishe mbele ya meza inayomfikia kifuani.

Nilimwomba aanze na umeme. Akabandika sufuria kubwa ya matangani, maji yakachemka, akamwaga unga, akaanza kusonga. Plaque ikaanza kutembea. Alisonga kwenda kulia, plaque ikaenda kulia. Akairudisha, ikarudi na kona yake. Papa Banza, ambaye ni mpinzani lakini ni muungwana, akaishika plaque kwa upande mmoja na tambara. Vice-président akashika meza, kwa sababu mwashi wetu alikuwa amebana sementi na matofali yalikuwa yanacheza. Katibu aliendelea kuandika. Karatasi ninayo. Imeandikwa: saa nne na dakika kumi, meza inatembea.

Halafu uji mwepesi wa juu ukaruka, ukamwagikia plaque, ukaingia chini ya ile sahani ya chuma. Ukapiga kelele ya kukaanga. Mama Odia akaachia mwiko, mwiko ukabaki umesimama wima katikati ya unga. Akatazama mkono wake wa kushoto, ule wenye kitambaa kibichi.

"Philo," akasema, "sufuria iko inaniluma."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia bustanini. Nilifika kwenye kaunta kabla sijajua kwamba nimekimbia, nikazima nyumba nzima. Redio tatu zilinyamaza. Niliporudi alikuwa anafungua na kufumba vidole, anasema si kitu, ni kama siafu tu. Lakini mimi nilijua ingeweza kuwa nini. Uso wangu nao ulijua, kwa sababu gérant aliuliza palepale disjoncteur ilikuwa inafanya nini muda wote huo.

Nikasema haikuwa inafanya kitu. Nikaeleza waya wa Ijumaa. Vice-président, aliyekuwa mtu wa umeme kama mimi, akaiachia meza.

Hakuna aliyenitukana, na matusi yangekuwa nafuu. Mama Odia alisema unga hausubiri watu waombane msamaha. Akachukua lile jiko la gesi lenye miguu mitatu, akalishusha mezani mpaka chini, akavuta kiti chake kifupi, akakaa. Akamwamuru président akanyage mguu mmoja wa jiko na vice-président akanyage wa pili, na viongozi wawili wa comité wakasimama pale wamenyoosha miguu, kama watu wanaopigwa picha na simba waliyemuua. Sufuria ikahamishiwa kwenye moto. Uji ulipoanza tena kuruka, aligusa kitufe, moto ukashuka mara moja, ukainama, ukasubiri. Akasonga. Akaupandisha. Akasonga. Mara nne au tano aligeuza unga upande kwa upande, na mwishowe ikatoka bukari laini, nyeupe, inayong'aa mgongoni kama kichwa cha mtoto aliyepakwa mafuta.

Tuliila na sombe, yale majani ya mhogo, tumesimama, nje ya jiko. Katibu alilamba vidole, akasahau kuandika.

Ndipo gérant, ambaye si mtu mbaya, akaweka sahani chini, akasema kwamba kura anazijua, lakini anataka kusikia neno la mpishi. Akamgeukia: "Mama, weye njo unapika. Sema. Tuweke nini?"

Kila mtu alijua swali hilo lilikuwa na nini ndani yake. Akisema umeme, analala kwake. Akisema gesi, mitungi inalala kwake. Angeweza kusema hajui, kama mwalimu wa hisabati. Nilimwombea moyoni aseme uongo, mimi niliyesoma mwaka mzima wa maadili.

Mama Odia aliupangusa mwiko kwa kidole, pande zote mbili, akakilamba kidole.

"Gaz," akasema. Halafu, alipoona gérant anautazama mlango wa chumba chake: "Chumba nitatafuta. Bukari mubichi, ata Mungu hapendi."

Vijana wangu, katika kazi hii mtakosea mara nyingi kwa kutojua. Hayo yanasameheka, waya wenyewe utawaadhibu na kuwaachia somo. Mimi siku ile nilikuwa na kosa la aina nyingine. Nikainua mkono, nikaomba neno. Papa Banza akauliza kama litakuwa refu. Nikasema ni sentensi nne.

Nikasema: mitungi ya gesi haiwekwi chumbani, kiwe cha mtu au cha ghala. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inalala chini sakafuni na kusubiri cheche, na chumba kilichofungwa ndiyo kitanda chake bora. Mitungi inakaa nje, imesimama wima, ndani ya kizimba cha chuma chenye paa, mbali na dirisha na mbali na mfereji, na ni bomba tu linalopenya ukutani kuingia jikoni.

Hilo nilionyeshwa na Vieux Mwansa miaka mingi nyuma, kwenye tanuri moja la mkate mjini tulikokwenda kuweka taa. Alinisimamisha mbele ya kizimba dakika kumi nzima ili nikielewe, kisha akaniuliza maswali.

Papa Banza alivua miwani. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu karatasi."

"Na ukanyamaza?"

Nilitafuta jibu la kifalsafa. Nina mengi, kwa kawaida yanakuja bila kuitwa. Likaja moja tu, la kweli.

"Nilikuwa ninashinda," nikasema.

Maana hesabu ilikuwa hiyo. Kama ningesema mapema kwamba mitungi inaweza kukaa nje, hofu ya chumba ingeisha, na bila hofu hiyo, kambi yangu ya umeme ilikuwa na mtu mmoja mwenye diploma. Nilimtetea Mama Odia kwa kuacha chumba chake hatarini. Nilihitaji aendelee kuwa hatarini ili niendelee kumtetea. Kulijua jambo na kulinyamazia ni sawa na ule waya wangu wa Ijumaa: kila kitu kinawaka vizuri mpaka mtu mwenye mkono mbichi ashike sufuria.

Mama Odia alifunika sufuria, akanigeukia.  Alichosema ni kwamba mimi ninasomaka bitabu mingi, basi nimwambie hicho kizimba kitakaa wapi.

Nikaenda kupima, watu wote nyuma yangu. Upande wa kushoto wa jiko, dirisha. Upande wa kulia, mfereji. Nyuma, jua la mchana kutwa, na mtungi haupendi kuota jua. Palibaki mahali pamoja tu penye kivuli, pakavu, hewa inapita, hatua mbili kutoka ukuta wa jiko, na hapo palikuwa na kibanda cha pikipiki yangu.

Pikipiki yangu sijawaeleza, na sitawaeleza sana, nisije nikalia. Kibanda nilikijenga mwenyewe: mabati mapya, nguzo za chuma, sakafu ya sementi niliyoisugua kwa kijiko. Wageni walikuwa wanauliza kama ni kaburi la familia. Nilipima tena, nikitumaini mita imekosea. Haikukosea. Papa Banza akauliza nani anakubali, na kwa mara ya kwanza katika historia ya comité mikono yote ilipanda, hata wa mwalimu wa hisabati, ambaye alisema sasa data zinatosha. Wangu ulipanda wa mwisho, lakini ulipanda.

Gérant alirudi na jibu la wenye nyumba kabla mvua hazijaanza: kizimba kimekubaliwa, chumba cha nyuma kinabaki kama kilivyo. Meza ya matofali tuliivunja kwa saa moja, haikutoa upinzani. Nilimchorea mchomeleaji stendi za chuma fupi, za usawa wa kiti cha Mama Odia, zenye mikono miwili inayobana sufuria masikioni ili viongozi wapumzishe miguu. Chini ya ukuta wa jiko tulitoboa matundu mapana usawa wa sakafu, gesi ikivuja ipate pa kutokea, na tukakubaliana hakuna mtu atakayeyaziba kwa matambara msimu wa baridi. Mpira wa kuunganisha unakaguliwa, ukianza kupasuka unatupwa, hauzungushiwi plasta. Ukimaliza kupika unafunga kwenye mtungi kwanza, moto uzimike wenyewe. Moto ukiwa wa bluu, pika; ukiwa wa njano unaotia masizi sufuria, simama, jiko linahitaji kusafishwa. Na kuvuja hakutafutwi kwa kiberiti. Kunatafutwa kwa povu la sabuni: unapaka kwenye viungo, na palipo na tundu povu linavimba. Kazi hiyo ameichukua Papa Banza. Kila Jumatatu anapita na kikombe cha povu na brashi ya kunyolea, anapaka viungo kwa uzito wa askofu anayebariki kanisa, kisha anatangaza kwamba leo pia hatujafa.

Umeme tunao wa taa na redio, ukijisikia kuja. Disjoncteur ya jikoni nimeweka mpya, na ule waya wa Ijumaa nimeukata vipande vipande kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi.

Pikipiki inalala sebuleni kwangu, kati ya meza na kabati, juu ya gunia ili isidondoshe mafuta. Wageni wanaizunguka kwa heshima. Mke wangu ameitandikia kitambaa cha kufuma kwenye kiti chake, kama viti vingine. Asubuhi Mama Odia anatoka chumbani mwake na ufunguo wa jiko, anapita mbele ya mlango wangu, anachungulia ndani, anaisalimu pikipiki kwanza, anaiuliza imelala namna gani. Anangoja kidogo, kama imemjibu. Halafu ndipo ananisalimu mimi.